Hodi ya Kijiko

Mzee alianza kugonga baada ya uji wa asubuhi, na mwanawe akawasha feni.

Haikuwa feni yake. Ilikuwa ya mteja, muuza dawa wa njia panda, feni kubwa ya kusimama iliyokwisha kutengenezwa tangu juzi, ikimsubiri mwenyewe aje kuichukua. Mwanawe aliigeuza ikatazama ukuta wa baraza, akabonyeza namba tatu, nayo ikanguruma kama lori linalopanda mlima. Kisha akainamia pasi aliyokuwa ameifungua, akaendelea kukaza skrubu ambayo alikuwa amekwisha kuikaza.

Ndani, mzee hakuacha. Alikuwa amelala chumba cha kwanza, kwenye kitanda cha chuma, upande wake wa kulia umekufa tangu siku ile alipoanguka bafuni. Ulimi nao ulikwenda na upande huo. Alichobakiwa nacho ni macho, mkono wa kushoto, na kijiko cha bati alichopewa na mkazamwana wake ili akihitaji kitu agonge chuma cha kitanda. Kijiko ndicho kilichokuwa mdomo wake. Ko-ko. Ko. Alinyamaza kidogo, kama mtu anayetega sikio, halafu akarudia. Ko-ko. Ko.

Baharia, huyo mwanawe, alikuwa anasikia. Feni ingenguruma mara kumi ya pale, yeye angesikia tu.

Mtaani walimwita Baharia ingawa tangu arudi vitani, kijana wa miaka ishirini na kitu, hakutia tena hata unyayo baharini. "Baharia gani huyu," alikuwa akisema jirani yake, muuza mkaa, "hata mvua ikinyesha anasubiri nchi ikauke!" Watu walicheka, na Baharia alicheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka akichekwa. Kitu kimoja tu hakikuwa na mzaha kwake: mlangoni kwake hakugongwi. Ukija, piga hodi kwa mdomo, utakaribishwa na kiti utapewa. Ukigonga, hata ukiwa umeleta habari ya msiba, hufunguliwi. Siku moja msoma mita mgeni aligonga kwa funguo, na Baharia akatoka kwa mlango wa nyuma, akarudi jua linazama. Mtaa mzima ukasema anadaiwa. Aliwaacha waseme. Kudaiwa ni aibu inayoeleweka.

Mkewe alikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya sare za shule, na kwa kawaida alirudi jioni. Siku hiyo alikuwa amesahau mkasi, na fundi asiye na mkasi ni sawa na mkulima aliyeacha jembe nyumbani. Akarudi mchana, jasho linamtoka. Alipofika barazani alisimama, akaitazama ile feni, akautazama ukuta.

"Feni inampepea nani?"

"Naijaribu," Baharia alisema bila kuinua uso.

"Si ulisema imepona tangu juzi?"

Baharia akaigeuza pasi. Mkewe akainama, akaizima mwenyewe. Mapanga yalipopunguza mwendo ndipo alipokisikia kijiko, kimelegea, pigo moja moja, kama bomba bovu linalodondosha maji. Akautupa mkoba chini akaingia ndani mbio.

Mzee alikuwa nusu kitandani, nusu sakafuni. Shuka limemfunga miguu, limelowa, na godoro limelowa. Alikuwa amejaribu kuteremka mwenyewe. Mkono wake wa kushoto ulikuwa chini, na bado ulikuwa ukigonga mguu wa kitanda.

"Mungu wangu! Baba! Pole baba, pole, nimekuja." Alimshika kwapani, akamwinua, mzee mwenyewe mrefu na mzito kama gunia lililolowa. "Njoo unisaidie basi, unasimama kama mgeni!"

Baharia alikuja. Alimwinua babake kwa upole, akambadilisha, akamfuta, kila kitu akakifanya sawasawa. Mkono wake haukuwa mkono wa mtu katili, na hilo ndilo lililomchanganya mkewe.

"Hukusikia?" alimuuliza walipotoka nje.

Uwongo ulikuwa tayari pale, amewekewa kama chakula mezani. Angesema feni ilikuwa na kelele, na yangekwisha.

"Nilisikia."

"Ulisikia, ukakaa?"

"Nilisikia."

Mkewe alimtazama. Hakuwa mwanamke wa kupiga kelele. Jambo likimuumiza alilikunja kama kitambaa akaliweka, na siku nyingine ungekuta amelishona mahali usipotegemea. Akachukua mashuka, akayafua, akayaanika uani. Muuza mkaa alichungulia juu ya ua.

"Shemeji! Naona leo mmepandisha bendera."

"Ya kwenu hiyo," alimjibu bila kugeuka. "Simama wima uipigie saluti."

Alirudi kazini amechelewa, na kule karakana msimamizi alimsemesha mbele ya wasichana aliowafundisha yeye mwenyewe kutia uzi. Aliinamisha kichwa akasema samahani. Mkasi wenyewe alikuwa ameusahau mara ya pili.

* * *

Dada mtu alikuja siku ya pili yake jioni, habari ya feni ameipata kwa wifi yake. Alikuwa mkubwa kwa Baharia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufukuzia kuku, na mumewe alikuwa mchomeleaji mwenye karakana hapo hapo nyumbani kwao, akitengeneza mageti na madirisha ya chuma. Hakuketi. Aliingia kwanza kwa mzee, akamnusa bila kujificha, akainua shuka, akaangalia mgongo. Ndipo akatoka sebuleni.

"Mgongo umeanza wekundu," alisema. "Mdogo wangu, huyu ni babako au mpangaji?"

"Dada, kaa kwanza."

"Sikai. Unajua wewe ulipokuwa huko kwenye meli yako, huyu mzee alikuwa halali? Redio alikuwa nayo mpaka chooni. Kila wakitaja meli imezama, anatuinulia mkono, 'Nyamazeni, nyamazeni, nisikie jina.' Sisi tukinyamaza hata kutafuna. Leo yeye anakuita, wewe unamwashia feni!"

Baharia alitazama mikono yake. Ilikuwa na grisi kwenye kucha.

"Wifi," mkewe alidakia taratibu, "mimi sisemi aende, wala sisemi abaki. Mimi kutwa niko kwenye cherehani. Nataka tu mtu mmoja aniambie kwa nini."

Wanawake wawili wakamgeukia. Baharia alifungua mdomo, na kweli alitaka kusema. Aliyatafuta maneno akayaona yapo mbali, chini.

"Ni kule kugonga," alisema.

"Kugonga kumekufanya nini?"

"Basi tu."

"Basi tu!" Dadake akapiga makofi mara moja, kofi la kukata shauri. "Haya. Jumamosi naleta pikapu. Kwangu watu hawakosekani. Mafundi wanaingia, mafundi wanatoka, hatakosa wa kumgeuza."

"Kwenu kuna kelele, dada."

"Nini?"

"Misumeno ile, nyundo. Hamtamsikia."

Dadake alimgeukia wifi yake, kisha akamrudia, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini, ndiyo iliyouma. "Aliyewasha feni ndiye anayetuambia habari za kelele."

Mkewe alimsindikiza wifi yake mpaka njiani, na Baharia akabaki amesimama sebuleni. Ndani, mzee hakugonga. Mlango ulikuwa wazi muda wote. Alikuwa amesikia kila neno.

* * *

Ijumaa Baharia alifunga kazi mapema. Alichemsha maji, akayapooza, akayapima kwa kiwiko kama wanavyofanyiwa watoto, akamkalisha babake kwenye kiti cha plastiki, beseni miguuni. Akaanza kumsugua mgongo. Ni rahisi kusema na mtu ukiwa nyuma yake.

"Baba, unajua kazi yangu melini ilikuwa nini? Nyinyi mlidhani mizinga. Mizinga niliiona kwa mbali. Mimi nilikuwa chini kabisa, kichumba kama kabati, nimevaa hedifoni, nasikiliza maji."

Mzee aligeuza kichwa kidogo.

"Maji yana kelele, usione vile. Kuna kamba wadogo wanapasuka kama chumvi motoni. Kuna nyangumi. Na meli ukiizoea unaijua kwa mlio wake kama unavyojua mtu kwa kikohozi. Niliipenda kazi ile, nisikudanganye. Nilikuwa na umri gani? Mtoto. Walikuwa wakinisifu, wanasema huyu ana masikio ya paka."

Alikamua kitambaa, akaanza bega lililokufa.

"Tulikuwa na meli nyingine, pacha wetu. Ikapigwa. Haikuzama mbali sana, ilikwenda ikakaa chini. Na adui aliyeipiga bado alikuwa pale pale chini ya maji, amenyamaza, naye anasikiliza. Basi na sisi tukazima injini. Hata vikombe tulivifunga vitambaa visigongane. Katika kimya kile, baba, wakaanza kugonga."

Mkono wake ukasimama. Maji yakamtiririka mzee mgongoni, yakarudi kwenye beseni.

"Walikuwa mle ndani, kwenye hewa iliyobaki. Wanagonga chuma. Mtu anayegonga vile hataki makubwa, anataka ajibiwe tu, ajue kuna mtu. Amri ikawa tusijibu. Ukigonga hata mara moja, yule mwingine anajua ulipo, na sisi nasi tulikuwa watu, tuna mama zetu. Amri haikuwa mbaya. Hilo ndilo linalonimaliza. Nimeigeuza miaka yote hii, sijaona ubaya wake."

Mzee alitoa sauti kooni, sauti isiyo neno.

"Afisa alikuwa akija mlangoni, ananiuliza, 'Wapo?' Nasema, 'Wapo.' Anaondoka. Anarudi, 'Wapo?' 'Wapo.' Mpaka kesho yake tuko vile vile. Wakapungua. Kulikuwa na mmoja akigonga mbili, anapumzika, moja. Kuna kijana tulifunzwa naye, tukimwita Njaa kwa sababu alikuwa haachi kugonga meza kwa kijiko akisubiri chakula, mbili, halafu moja. Alikuwa amehamishiwa meli ile. Labda ni yeye. Labda siye. Mwisho afisa akaja, safari hii hakuuliza. Akasema, 'Wametulia.' Nikamwambia, 'Afande, bado mmoja.' Akanitazama, akasema tena, 'Wametulia.' Wakawasha injini. Na injini ikiwashwa, baba, husikii tena kitu."

Akamaliza bega. Akamzunguka kuja mbele ili amfute miguu, na hapo akakutana na macho ya babake. Mzee alikuwa analia kwa jicho moja; lile lingine lilikuwa limesahau kazi hiyo. Mkono wa kushoto ulikuwa umekishika kile kijiko. Aliunyoosha, akakitia kijiko kwenye kiganja cha mwanawe, akamkunja vidole kimoja kimoja juu yake. Kisha akainua kidevu kuelekea kitanda cha chuma.

Baharia alielewa. Alikwenda mpaka kitandani. Aliinua kijiko, akakishika juu ya chuma, karibu sana, upana wa kidole. Alisimama hivyo mpaka mkono ukaanza kumuuma.

"Siwezi, baba," alisema.

Akakitia kijiko kwenye mfuko wa shati ili mikono iwe wazi, akamfuta babake, akamvisha, akamlaza.

* * *

Pikapu ilikuja Jumamosi kama ilivyosemwa. Godoro lilitangulia, kisha mzee, amebebwa na mafundi wawili wa shemeji, mashati yao yametobolewa na cheche. Majirani walitoka. Wapo waliokuja kusaidia, wapo waliokuja kuona. Muuza mkaa, ambaye mdomo wake haukuwahi kukosa la kusema, alivua kofia akakaa kimya, na hilo lilimfedhehesha Baharia kuliko mzaha wowote. Mkewe alimfunga mzee shuka kifuani, akamwambia, "Tutakuja baba, tutakuja." Mzee hakuwa akimtazama. Alikuwa anautazama mfuko wa shati la mwanawe, lile lile la jana, mpaka pikapu ikaondoka.

Nyumba ikabaki. Watu wawili wanaweza kukaa nyumba moja kila mmoja akawa peke yake, na hao wawili walikaa hivyo. Mkewe alipika, wakala. Alisema maneno yote yanayohitajika nyumbani, chumvi iko pale, maji yamekatika, kesho nitachelewa, na hakusema lingine. Ile feni ilikuja kuchukuliwa. Baraza likawa kimya, chumba cha kwanza kikawa kimya, na Baharia akagundua kwamba kimya hakikumpa nafuu aliyoitegemea. Alijikuta ameacha bisibisi katikati ya kazi, ametega sikio.

Jumatano mkewe hakwenda kazini, na simu iliita wakiwa wanakula chakula cha mchana. Dadake alikuwa na sauti ambayo haikuhitaji spika. Mkewe alisikia kila kitu kutoka upande wa pili wa meza.

"Nilikwambia, au sikukwambia? Mzee hana shida hata kidogo. Tumempa chumba cha nyuma kule, stoo ya mabati tumeisafisha. Hasumbui, haiti mtu. Ametulia."

"Amefanyaje?"

"Ametulia! Mbona umekuwa kiziwi? Kutwa ametulia tuli."

Simu ilikatika. Baharia alibaki ameishika sikioni. Kisha taratibu akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati lililokuwa limetundikwa nyuma ya kiti, lile la Ijumaa, akatoa kijiko cha bati akakiweka mezani.

Mkewe alikitazama. "Kumbe unacho wewe?"

"Alinipa."

"Nimekitafuta nyumba nzima nimpelekee." Akasita, tonge mkononi. "Sasa kule anagonga na nini?"

Tonge alilirudisha kwenye sahani.

"Kuna watu waliwahi kunigongea," Baharia alisema. Alikuwa akisema na kijiko. "Kule. Nikaambiwa nisijibu."

Mkewe aliisogeza sahani kando. Alikuwa ameolewa na mtu huyu miaka yote hiyo, akamfulia na kumpikia, na hili alikuwa hajawahi kuliona hata ncha yake.

"Wangapi?"

"Sijui. Mwanzoni walikuwa wengi."

Hakumwambia pole. Aliinuka, akalichukua lile shati kwenye kiti, akalikung'uta, akamshikia mikono ya shati avae kama anayemvisha mteja nguo mpya.

"Nenda," alisema. "Mimi nitakuja na mashuka."

* * *

Nyumba ya dadake ilijulikana kwa geti lake, zito, jeusi, mchomeleaji alilijenga liwe tangazo la kazi yake. Nyuma ya geti msumeno wa umeme ulikuwa unakata chuma kwa mlio wa kutoboa kichwa, na nyundo mbili zilikuwa zikishindana. Baharia alisimama nje.

"Hodi!" aliita. "Hodi hapa!"

Msumeno uliimeza sauti yake nzima nzima. Akaita tena, akiweka viganja mdomoni. Kwenye upenyo aliona cheche na migongo ya mafundi.

"Hodi jamani! Hodi!"

Mpita njia aliyejitwika ndoo alipunguza mwendo. "Wewe bwana, gonga. Kwa mdomo hapo utaota mizizi." Akaenda zake.

Baharia alitoa kijiko. Aliona aibu, mtu mzima amesimama barabarani na kijiko mbele ya geti, kama aliyekuja kuomba chakula. Wazo hilo lilimletea Njaa mbele ya macho, kijana mwembamba mwenye meno ya mbele yaliyoachana, na karibu ageuke arudi nyumbani. Hakugeuka. Aliweka kiganja cha kushoto kwenye chuma. Kilikuwa cha moto kwa jua, na kilikuwa kikitetemeka kwa zile nyundo za ndani.

Akagonga. Ko-ko. Ko.

Ilikuwa hafifu, hata kuku aliyekuwa akichakura pale chini hakushtuka. Alivuta pumzi, akagonga tena, kwa nguvu, bati likaimba kwenye chuma. Ko-ko. Ko. Kisha akafumba macho, akafanya kazi aliyofunzwa. Aliuchukua mlio wa msumeno akauweka kando. Akazichukua nyundo, moja, na ya pili, akaziweka kando. Akaiweka kando redio ya jirani, na pikipiki. Akasubiri kwenye kile kilichobaki.

Ilitoka mbali, nyuma ya nyumba. Haikuwa na mlio wa chuma. Ilikuwa kavu na dhaifu, fundo la kidole kwenye ubao. Mbili. Ikapumzika. Moja.

Geti likafunguliwa kwa kishindo, dadake amesimama na mwiko mkononi.

"Ala! Wewe? Wewe ndiye unatuvunjia geti? Si ungepiga simu!"

Baharia aliinua mkono. "Nyamaza kidogo, dada."

"Ninyamaze kwangu?"

"Nyamaza. Yupo."

"Nani yupo?" Alitazama nyuma, akatazama mafundi, akamtazama mdogo wake, uso umelowa. Hakusikia kitu ila msumeno. "Nani?"

"Bado yupo," alisema Baharia, na kabla hajavuka kizingiti akalishika geti, akagonga tena.